Umeme ukirudi, na mtandao urudi: mwongozo kamili wa kusanidi kadi za mtandao kwenye FreeBSD

Miezi saba ile seva haikunisumbua hata siku moja. Ilikuwa mashine ndogo yenye kadi mbili za mtandao, imekaa juu ya kabati katika ofisi moja mjini Tanga, kazi yake kugawa intaneti kwa kompyuta kumi na mbili. Halafu ikaja siku umeme umekatika kutwa nzima na betri ya UPS ikaisha. Umeme uliporudi jioni mashine iliwaka vizuri tu, ila haikuwa na anwani hata moja. Siku ya kwanza nilikuwa nimeandika anwani kwa mkono, nikaona intaneti inapita, nikafunga mkoba nikaondoka. Sasa niko Dodoma, na aliyebaki ofisini ni mzee wa zamu ya usiku. Nilimsomea amri kwa simu herufi moja moja, pamoja na alama ya `/` ambayo huitwa mkwaju. "Mwanangu," akaniuliza, "huu mkwaju unaosema ni upi, maana mimi najua ule wa juisi."

Tangu hapo nina utaratibu mmoja, nao ndio ninaouandika hapa. Mfano wote ni wa mfumo wa uendeshaji wa FreeBSD kwa sababu ndiyo ninayoifanyia kazi na kwa sababu karibu kila kitu cha mtandao kinakaa kwenye faili moja. Ninachukulia kwamba umeshaiweka kwenye mashine, unaweza kuingia kama root (msimamizi mkuu wa mashine), na unajua kufungua faili kwa vi au ee.

Kwa nini amri ya mkono hufa

Amri ya `ifconfig` ni ya zamani, ilianza na 4.2BSD mwaka 1983, na bado inafanya kazi ileile: inaiambia kerneli, kiini cha mfumo, sasa hivi kadi hii ina anwani hii. Kerneli inayaweka hayo kwenye kumbukumbu yake tu. Mashine ikizimika, yamekwenda.

Mashine inapowaka, mambo hufuatana hivi. Kerneli inatafuta kadi na kuzipa majina. Kisha programu ya `init` inaendesha `/etc/rc`, nayo inakusanya skripti zilizomo `/etc/rc.d` na kuzipanga foleni kulingana na nani anamhitaji nani. Mtindo huu ulitoka NetBSD ukaingia FreeBSD 5.0 mwaka 2003. Foleni yenyewe unaweza kuiona:

```
rcorder /etc/rc.d/* | grep -nE 'netif|routing|netwait|sshd'
```

Namba iliyo mwanzo wa kila mstari ni nafasi ya skripti kwenye foleni. Utaona `netif` inatangulia, `routing` inafuata, na `sshd`, huduma ya kuingia kwenye mashine ukiwa mbali (SSH), iko mbali nyuma. `netif` ndiyo inayotoa anwani, `routing` ndiyo inayoweka njia ya kutokea. Zote mbili hazina akili zao wenyewe, zinasoma ulichoandika kwenye `/etc/rc.conf`. Hukuandika kitu, hazifanyi kitu.

Zijue kadi kabla ya kuzipa kazi

```
ifconfig -l
dmesg | grep -i "ethernet address"
```

Amri ya kwanza inataja violesura vyote ambavyo kerneli imevitambua. Jina linatokana na draiva, programu inayoiendesha kadi: `em0` na `igb0` ni kadi za Intel, `re0` ni Realtek, `bge0` ni Broadcom, `vtnet0` ni kadi ya mashine pepe, na adapta nyingi za USB hutokea kama `ue0`. `lo0` si kadi, ni mashine kuzungumza na nafsi yake, usiiguse. Ukitaka kujua draiva inakubali kadi zipi, andika `man em` au `man re`, bila ile namba.

Kadi ipo mezani lakini haionekani kwenye orodha? Andika `pciconf -lv` utafute mstari unaoanza na `none`. Maana yake mashine imeona kifaa ila hakuna draiva iliyojitokeza kukichukua. Hapo tatizo halimo kwenye rc.conf. Usipoteze jioni yako kuihariri.

Mashine yenye matundu mawili ina swali la kijinga ambalo linawakwamisha wengi: tundu lipi ni `em0`? Usikisie kwa kuangalia kushoto na kulia. Chomeka kebo moja tu, kisha:

```
ifconfig em0 up
ifconfig em1 up
ifconfig em0 | grep status
ifconfig em1 | grep status
```

Yenye `active` ndiyo yenye kebo, nyingine itasema `no carrier`. Chukua kipande cha gundi ya karatasi, bandika, andika. Utajishukuru.

Faili lenyewe, na namna ya kutoliharibu

Mpangilio wa kiwandani uko `/etc/defaults/rc.conf`. Usome, una mambo mengi mazuri, lakini usiuhariri kamwe kwa sababu hubadilishwa unaposasisha mfumo. Wewe unaandika kwenye `/etc/rc.conf`, ambalo husomwa baadaye na hivyo neno lake ndilo linaloshinda.

Jambo ambalo watu hawaambiwi mapema ni kwamba rc.conf ni skripti ya shell, ile programu inayosoma amri zako. Si orodha tu ya mipangilio. Ukiweka nafasi kabla na baada ya alama ya sawasawa, shell itadhani `ifconfig_em0` ni amri na kulalamika kwamba haipo, na kadi itabaki bila anwani. Ukisahau kufunga alama ya nukuu, ni balaa zaidi: `/etc/rc` itakwama katikati na mashine itakusubiri kwenye konsoli ikuombe shell ya mtumiaji mmoja. Kwa seva iliyo mkoa mwingine, hiyo ni safari ya basi.

Kwa hiyo tumia `sysrc`, ambayo inaandika mstari kwa usahihi na kubadilisha uliopo badala ya kurundika mwingine chini yake:

```
sysrc ifconfig_em0="inet 192.168.10.2/24"
```

Na hata ukihariri kwa mkono, kabla ya kutoka piga ukaguzi huu:

```
sh -n /etc/rc.conf
```

Ikinyamaza, nukuu zote zimefungwa. Haitakuambia kama umekosea anwani au jina la kadi. `sysrc -a` itakuonyesha ulichokibadilisha wewe kutoka mpangilio wa kiwandani.

Zipe kadi majina ya kibinadamu

Hatua hii si ya lazima, na vitabu vingi huipitia mbio, lakini mimi siku hizi sisanidi seva bila kuifanya. FreeBSD inakuruhusu kuibadilisha jina kadi inapowaka:

```
sysrc ifconfig_em0_name="nje"
sysrc ifconfig_em1_name="ndani"
```

Jina lisizidi herufi 15. Kuanzia hapo mistari mingine yote inatumia jina jipya, yaani `ifconfig_nje` na `ifconfig_ndani`. Faida yake utaiona siku kadi ya Intel itakapoungua kwa radi na duka la jirani lina Realtek tu: unabadilisha mstari mmoja, `em0` inakuwa `re0`, na sheria za ukuta wa moto, njia na kila kitu kingine kinaendelea kusema `nje` kama zamani. Majina mapya hushika vizuri zaidi mashine inapowaka upya, kwa hiyo ukishaandika mistari hii na ile ya anwani hapa chini, iwashe upya ukiwa mbele yake.

Anwani

Upande wa ndani upe anwani ya kudumu, hapo hakuna mjadala, maana kompyuta zote zitaitafuta hapo:

```
sysrc ifconfig_ndani="inet 192.168.10.1/24"
```

Upande wa nje unategemea mliyokubaliana na anayewauzia intaneti. Akikupa anwani ya kudumu, andika ya kwako mahali pa hizi za mfano:

```
sysrc ifconfig_nje="inet 192.0.2.10/24"
sysrc defaultrouter="192.0.2.1"
```

`defaultrouter` ndiyo njia ya kila paketi isiyojua pa kwenda. Lazima iwe ndani ya mtandao uleule wa kadi ya nje. Ukikosea hapo `routing` itakuambia mtandao haufikiki, na wewe utaanza kulaumu kebo. Kisha weka seva za majina kwenye `/etc/resolv.conf`:

```
nameserver 9.9.9.9
nameserver 1.1.1.1
```

Kama anwani inagawiwa kwa DHCP, yaani mashine inaiomba na kupewa yenyewe, mambo ni mafupi zaidi, ila kuna chaguo linalohitaji kufikiriwa. Kuna `DHCP` na kuna `SYNCDHCP`. Ya kwanza inaacha mashine iendelee kuwaka huku anwani ikiombwa pembeni. Ya pili inasimamisha foleni mpaka jibu lije au muda uishe. Ukiwa na huduma zinazotaka mtandao zikiwaka tu, kama kupanga saa au kupachika diski iliyo mashine nyingine, chagua ya pili:

```
sysrc ifconfig_nje="SYNCDHCP"
```

Usiandike `defaultrouter` pamoja na DHCP. Njia huja na anwani. Pia `resolv.conf` itaandikwa upya kila anwani inapotolewa, kwa hiyo seva ya majina unayoitaka wewe iandike kwenye `/etc/resolvconf.conf` kwa mstari `name_servers="9.9.9.9"`, kisha `resolvconf -u`.

Sasa fikiria hali halisi ya umeme wetu. Umeme unarudi, seva na ruta ya nje vinaanza kuwaka kwa pamoja. Ruta ina haraka gani? Mara nyingi haina. Seva inamaliza kuwaka wakati ruta bado inapepesa taa, na huduma zilizoanza mapema zinakuta nje hakuna mtu. Dawa yake ipo tayari kwenye mfumo, imezimwa tu:

```
sysrc netwait_enable="YES"
sysrc netwait_if="nje"
sysrc netwait_ip="9.9.9.9"
sysrc netwait_timeout="180"
```

`netwait` inasubiri kebo iamke, kisha inaipigia ping anwani uliyotaja mpaka ijibu. Kiwandani muda wake ni sekunde 60. Mimi huweka 180 kwa sababu ruta nilizozizoea ni mvivu. Muda ukiisha bila jibu, mashine inaendelea kuwaka hivyohivyo, haigandi.

Kuifanya lango

Kadi mbili zenye anwani haziifanyi mashine ipitishe paketi kutoka moja kwenda nyingine. Hilo unaliagiza, na unawasha pia pf, ukuta wa moto wa mfumo:

```
sysrc gateway_enable="YES"
sysrc pf_enable="YES"
```

Na kwenye `/etc/pf.conf`, kwa uchache kabisa:

```
set skip on lo0
nat on nje inet from ndani:network to any -> (nje)
block in on nje
pass in on ndani
pass out
```

Yaangalie mabano ya `(nje)`. Yanasema "anwani yoyote ambayo kadi ya nje itakuwa nayo wakati huo". Ukiyaondoa, pf hutafuta anwani mara moja tu, wakati wa kusoma sheria. Kama DHCP bado haijajibu, hakuna anwani, na faili zima la sheria linakataliwa. Mashine itawaka bila kinga na bila NAT (kompyuta za ndani kutumia anwani moja ya nje) kwa ajili ya mabano mawili. Nimeliona kosa hili kwenye seva za watu wanaojua kazi kunishinda, kwa sababu mchana ukijaribu kwa mkono linafanya kazi bila tatizo. Linajificha mpaka siku ya kuwaka upya.

Kumbuka pia mstari wa tatu, wa `block`, unafunga SSH kutoka nje. Kama wewe mwenyewe unaingilia huko, ongeza ruhusa yako chini yake kabla ya kuiwasha pf, si baada ya kutupwa nje.

Mengine, kwa kifupi

Anwani ya ziada kwenye kadi ileile huandikwa `ifconfig_ndani_alias0="inet 192.168.10.5/32"`. Ile `/32` si kosa la chapa, ndivyo inavyotakiwa anwani ya pili inapokuwa mtandao mmoja na ya kwanza. Anza na alias0 na usiruke namba.

Njia ya kwenda mtandao mwingine, tuseme tawi lililo nyuma ya ruta nyingine, ina mistari miwili: `static_routes="tawi"` na `route_tawi="-net 10.20.0.0/16 192.168.10.254"`. Jina `tawi` ni lako, weka unalotaka.

VLAN, yaani mitandao kadhaa iliyotenganishwa juu ya kebo moja, ni `vlans_ndani="20"` kisha `ifconfig_ndani_20="inet 192.168.20.1/24"`. Kiolesura kitaonekana kama `ndani.20`, ila kwenye rc.conf nukta inageuka mstari wa chini. IPv6, kama mtoa huduma anaitangaza na mashine yako haipitishi paketi za wengine, inatosha `ifconfig_nje_ipv6="inet6 accept_rtadv"`. Wi-Fi ipo, lakini seva ya ofisi isiwekwe kwenye Wi-Fi. Tafuta kebo.

Walio kwenye mifumo mingine: OpenBSD ina faili moja kwa kila kadi, mfano `/etc/hostname.em0`, na lango linaandikwa `/etc/mygate`. Debian ya kawaida hutumia `/etc/network/interfaces`, nayo Ubuntu ya sasa ina netplan, ambayo ina amri nzuri ya `netplan try`: usipothibitisha ndani ya sekunde 120, inarudisha ya zamani yenyewe. Hiyo FreeBSD haina, na ndiyo inatuleta kwenye sehemu inayofuata.

Kubadilisha ukiwa mbali

Unaweza kutekeleza mabadiliko bila kuiwasha upya mashine:

```
service netif restart ndani; service routing restart
```

Mstari mmoja, amri mbili. Ukiendesha ya kwanza peke yake, kadi ikishushwa inaweza kuondoka na njia zilizopita juu yake, na wewe uliye upande wa pili wa SSH utabaki kuangalia skrini iliyoganda huku amri ya pili ikiwa kichwani mwako.

Hata hivyo, usiiamini hiyo tu. Kabla ya kugusa chochote, tega mtego wa kukuokoa:

```
cp -p /etc/rc.conf /etc/rc.conf.zamani
nohup sh -c 'sleep 600; cp /etc/rc.conf.zamani /etc/rc.conf; shutdown -r now' &
```

Una dakika kumi. Badilisha, piga `sh -n`, tekeleza, kisha fungua SSH mpya kwenye dirisha jingine. Usitegemee ile iliyo wazi, kwa kuwa muunganisho wa zamani unaweza kuendelea kupumua wakati mpya haukubaliki. Ukiingia salama, ondoa mtego:

```
pkill -f rc.conf.zamani
```

Usipoingia, kaa utulie, chemsha chai. Mashine itarudisha faili la zamani na kuwaka upya yenyewe. Ukisahau kuuondoa mtego baada ya kufaulu, pia itawaka upya, na mabadiliko yako yote yataenda. Nimeshafanya hivyo mara mbili.

Ikikataa kuwaka

Nukuu moja imesahaulika, na konsoli inakuomba njia ya shell. Bonyeza Enter. Kama haikufika hapo, kwenye menyu ya kuwaka chagua mtumiaji mmoja (single user). Diski imefunguliwa kwa kusoma tu, kwa hiyo:

```
fsck -y
mount -u /
sh -n /etc/rc.conf
vi /etc/rc.conf
```

`fsck` ni kwa waliotumia mfumo wa faili wa UFS. Kwenye ZFS iruke. Vi ikigoma kufunguka kwa sababu sehemu ya `/usr` haijapachikwa, ipo nyingine `/rescue/vi`. Rekebisha, andika `exit`, mashine itaendelea kuwaka.

Jaribio

Amri ya `reboot` haitoshi. Inazima kwa adabu, na ruta ya nje inabaki inawaka wakati wote. Hivyo sivyo umeme unavyokatika. Nenda ofisini saa ambayo hakuna mtu kazini, simamisha huduma zinazoandika data muhimu, kisha kata umeme ukutani, wa seva na wa ruta ya nje pamoja. Subiri dakika mbili. Washa, na usiguse kibodi. Baadaye, kutoka kompyuta ya upande wa ndani, ingia uangalie:

```
uptime
ifconfig nje
netstat -rn -f inet
sysctl net.inet.ip.forwarding
pfctl -sn
host freebsd.org
```

`uptime` iwe ya dakika chache, anwani iwepo, mstari wa `default` uwepo kwenye njia, forwarding iwe 1, sheria ya nat ionekane, na jina lijibiwe. Rudia safari hii ruta ya nje ukiiacha imezimwa dakika tano baada ya seva kuwaka, ndipo uiwashe. Seva yenye DHCP inatakiwa iipate anwani yake bila wewe kufanya lolote.

Kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye FreeBSD kabisa, nacho ndicho kilichoniangusha nilipofanya jaribio hili kwa mara ya kwanza kule Tanga. Niliurudisha umeme nikakaa dakika kumi nasubiri, kimya. Mashine haikuwaka, kwa sababu kompyuta nyingi za mezani zikikatiwa umeme hubaki zimezima mpaka mtu abonyeze kitufe. Ingia BIOS, mipangilio ya kompyuta yenyewe iliyo nje ya FreeBSD, wakati inawaka, tafuta kwenye ukurasa wa umeme chaguo linalohusu kurudi kwa umeme baada ya kukatika, liweke kwenye kuwaka daima, hifadhi, kisha kata umeme tena.